Jirani wa Ukuta Mmoja

Ndani ya gari walikuwa watano, na Uzi ndiye aliyekaa katikati ya kiti cha nyuma. Kulia kwake alikuwa Shangazi, kushoto wifi mtarajiwa. Mbele, Mwalimu alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani, na kando yake mama yake alikuwa akisimulia mablanketi. Tangu watoke mjini alfajiri hajasimulia kitu kingine.

"Mablanketi ya mlimani, mkwe wangu, unajifunika leo, na mjukuu wako atakuja kujifunika hayo hayo. Si haya ya dukani, unafua mara mbili unabaki na matundu."

"Mama, mkono," Mwalimu alisema kwa upole. "Sioni barabara."

Barabara yenyewe ilikuwa ya kuonwa. Ilikuwa nyembamba, imejikunja kama utumbo, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu. Kila kona ilipofika Shangazi alifumba macho na kukaza vidole kwenye kifundo cha mkono wa Uzi.

Yeye Shangazi hakuitaka safari hii. Jana alisema kichwa kinamuuma, juzi alisema miguu. Mama Mkwe alipozidi kung'ang'ania kwamba bibi harusi hachaguliwi blanketi na watu wengine, Shangazi akasema, "Basi na mimi naenda." Uzi alidhani ni upendo tu. Huyu ndiye aliyemchukua akiwa na miaka sita, yatima, akamlea chini ya cherehani yake. Mtoto alikuwa akishinda hapo akiokota vipande vya uzi, ndipo jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minane na cherehani yake mwenyewe, anashona sare za wanafunzi. Mwalimu alikuja siku moja na oda ya sare sitini, akarudi kuulizia, akarudi tena ingawa sare zilishakwisha, na mwezi wa nne akamleta mama yake.

Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kupandisha sauti, hakuwahi kuchelewa. Nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwa Shangazi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo Uzi hakuwahi kumwambia mtu: kila Mwalimu alipomshika mkono, aliona kama anasalimiwa.

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kadi zilikwisha kugawiwa. Gauni alikuwa akilishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa akishona na kufumua, akishona na kufumua.

"Mbona kimya, wifi?" msichana wa kushoto alimgusa kwa kiwiko. "Unawaza usiku wa harusi?"

"We!" Mama Mkwe aligeuka. "Mdomo huo!"

Uzi alicheka kwa sababu ilibidi acheke.

*

Kijiji kilikuwa kimeninginia kwenye mteremko, na siku ya gulio kilijaa mpaka pomoni. Ardhi ilikuwa na mwinamo mkali hata wauza vitunguu walizungushia mafungu yao mawe yasiporomoke. Kulikuwa na asali kwenye madumu, kamba, fagio, viazi vyenye udongo mbichi, kondoo waliofungwa miguu. Hewa ilikuwa ya baridi na inanukia moshi na sufu.

Mzee aliyekuwa akipanga magari kwenye uwanja aliinua kidole kuonyesha kilele, ambako wingu lilikuwa limekaa kama kofia. "Leo ukungu hautangoja jioni. Mwenye gari dogo aondoke saa nane."

"Saa nane kamili," Mwalimu aliwaambia wote, akatazama saa yake. "Tusipotezane."

Kupotezana kungewezekanaje? Shangazi alikuwa amemshika Uzi mkono kama askari na mtuhumiwa wake, na macho yake yalikuwa yakizunguka huku na huku, hayatazami bidhaa, yanatazama watu.

"Shangazi, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Tembea."

Walipofika kwa mfumaji, Mama Mkwe aliingia vitani. Alilivuta blanketi, akalinusa, akaliinua kwenye mwanga, akasema lina kasoro. Mfumaji akasema kasoro iko machoni. Mama Mkwe akageuka na kumvuta Shangazi. "Njoo unisaidie, dada yangu! Huyu ananiona mgeni! Shika hapa, hili ni zito au jepesi?"

Shangazi akashika blanketi kwa mikono miwili.

"Wifi, twende," msichana alinong'ona. "Kamba ya mkoba wangu imekatika, na kule nimeona fundi viatu. Kabla mama hajanipa mzigo."

Walichepuka kati ya wauza ndoo, wakashuka ngazi za mawe, na pale chini ya turubai la buluu, nyuma ya safu ya viatu vya mitumba, alikaa mwanamume ameinamia kiatu kilichopachikwa kwenye chuma. Alikuwa akivuta uzi juu ya kipande cha nta, mara tatu, kisha akaupitisha mdomoni.

Uzi aliiona mikono kabla ya uso.

Mikono ile alikuwa ameitazama miaka miwili. Chumba chake cha kushonea na kibanda cha fundi yule viligawana ukuta mmoja wa mbao. Yeye akikanyaga cherehani, upande wa pili nyundo inajibu. Walianza kwa kuazimana mkasi, wakaishia kuzungumza kupitia ufa wa ubao mpaka jua linazama. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Jirani. Na Jirani siku moja, miaka mitatu iliyopita, alifunga kibanda na kuondoka bila hata kugonga ule ukuta.

"Fundi, hujambo?" wifi alisema. "Kamba ya mkoba imekatika."

Fundi aliinua uso. Nyundo aliyokuwa ameishika akaiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akaupokea mkoba, lakini macho yake hayakuwa kwenye mkoba.

"Umekatika lini?" aliuliza.

"Leo asubuhi," wifi akajibu.

"Hapana. Huu ulikatika zamani. Kama miaka mitatu hivi."

Wifi alicheka. "Fundi! Nimeununua mwezi uliopita!"

"Labda aliyeukata hakuaga," Uzi alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Labda aliambiwa mkoba una mwenyewe."

"Na nani?"

"Na mtu ambaye hawezi kuitwa mwongo."

Wifi alimtazama huyu, akamtazama yule. Tabasamu likamtoka polepole. Alikuwa mpiga domo, lakini hakuwa mjinga. Akashusha pumzi, akasema, "Mimi nakwenda kununua machungwa. Kamba hiyo, fundi, usiifanye haraka haraka." Kisha akamgusa Uzi begani na kuondoka bila kugeuka.

Wakabaki wawili katikati ya kelele za gulio.

"Ulikubali kuposwa," Jirani alisema. "Siku moja kabla sijaondoka, asubuhi, Shangazi yako alikuja kibandani. Aliniambia umeposwa na umeridhia, na unaona haya kuniambia mwenyewe. Alilia, Uzi. Aliniomba nisikuharibie. Mtu mzima amelia mbele yako, utasema nini?"

"Nilikuwa sijaposwa na mtu yeyote! Miaka mitatu iliyopita?" Alijikuta amechuchumaa mbele ya kile chuma, viganja kwenye magoti. "Mimi aliniambia una mke huku kwenu. Kwamba mkeo amekuita, ukaenda."

"Mke!" Alicheka, na kicheko kikakatika njiani. "Mke nimtoe wapi? Hata mbuzi sina."

Uzi naye akacheka, na hapo hapo machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na furaha mbaya, ya mtu aliyekuta alichoibiwa kikiwa kizima, kikiwa katika nyumba asiyoweza kuingia.

"Nilingoja ugonge ukuta," alisema.

"Niligonga. Usiku wa kuamkia safari. Ulikuwa umeshaondoka."

Walitazamana. Jirani alikuwa amekonda, na mvi moja ilikuwa imeingia kwenye ndevu. Macho yalikuwa yale yale, yenye subira kupita kiasi.

"Una pete," alisema.

"Wiki tatu zijazo."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza hivyo."

Uzi aliangalia vile viatu vya mitumba, kila kimoja kimeelekea barabarani. "Usiniulize hivyo sasa, Jirani. Kadi zimegawiwa. Mama yake yuko pale juu ananunua mablanketi ya wajukuu. Shangazi ndiye mama yangu, ndiye baba yangu. Nikisema hapana, nimemtupa. Nikisema ndiyo, nimejitupa mwenyewe. Kila mlango niliousukuma una mtu mwema amesimama mbele yake."

Jirani alianza kushona kamba ya mkoba, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Alishona mchomo mmoja, mchomo wa pili.

"Sitakuambia ubaki," alisema mwishowe. "Ukibaki hapa leo, kesho utakuwa mke aliyetoroka, na mimi mwizi. Mtu haibwi kama kuku. Gulio lijalo sitafungua. Nitashuka mjini, nitagonga kwa Shangazi yako mchana kweupe, majirani wakiona. Ukiwa huru, nitaomba. Ukiwa umeshakata shauri lako kwa huyo, nitasalimu na kurudi. Lakini kukata shauri ni kwako. Siwezi kukukatia."

"Unaongea kama ni rahisi."

"Najua si rahisi. Mimi nilishindwa kumwambia Shangazi yako neno moja tu, 'Nataka nisikie kwa mdomo wa Uzi mwenyewe.' Nimejilaumu kwa miaka mitatu."

Kivuli kikaanguka juu ya viatu. Shangazi alikuwa amesimama juu ya ngazi za mawe, ameshika ukuta, anahema.

Jirani akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, Shangazi."

Shangazi hakuitikia. Salamu ile ilibaki pale kati yao, haina pa kwenda. Watu wawili waliokuwa wakijaribu viatu waligeuka kutazama, maana mkubwa kunyima marahaba si jambo dogo.

"Gari linaondoka," Shangazi alisema.

"Saa nane bado," Uzi alijibu.

"Nimesema linaondoka!"

*

Ukungu kweli ulikuwa umeanza kushuka. Ulikuja bila haraka, ukameza kwanza kilele, kisha mapaa ya mabati, kisha kondoo. Uwanjani, Mwalimu alikuwa akipakia mablanketi. Uzi alizunguka nyuma ya gari akasimama karibu naye, mahali ambapo wengine hawakuweza kusikia.

"Nina neno nawe."

"Tutaongea nyumbani," alisema, akisukuma furushi.

"Si neno la kungoja nyumbani."

Mwalimu aliacha kusukuma. Hakumtazama. Alitazama zile ngazi za mawe, ambako turubai la buluu lilikuwa linafifia kwenye weupe. "Umelia," alisema.

"Ndiyo."

"Huku kuna vumbi."

"Hakuna vumbi hapa. Nisikilize, tafadhali."

"Watu huzoeana," alisema kwa upole ule ule aliotumia kwa wanafunzi. "Mama na marehemu baba hawakujuana kabisa siku ya kwanza. Utanizoea. Tutakuwa na maisha mazima ya kuongea, mimi na wewe." Akafunga buti. Kisha akamfungulia mlango wa gari, akangoja mpaka aingie, akaufunga pia. Alifunga bila kishindo. Uzi alitamani angeubamiza.

Walishuka kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Hata Mama Mkwe, aliyekuwa ameshinda vita vya mablanketi, alinyamaza akitazama kioo cha mbele kinavyogeuka cheupe kama shuka. Vioo viliingia mvuke. Bega la Shangazi upande huu, bega la wifi upande ule, magoti yamegandamana na kiti cha mbele. Uzi aliona hewa ni ile ile moja, imekwisha kuvutwa na watu wanne kabla haijamfikia.

Kwenye kona ya tisa Mwalimu alisimamisha gari.

"Sioni," alisema. "Sioni hata boneti."

"Tungoje upite," Mama Mkwe alisema.

Wakangoja. Injini ilizimwa. Hapakuwa na mlio wowote isipokuwa matone juu ya bati na pumzi za watu watano. Hapakuwa na pa kwenda, mbele wala nyuma. Uzi alifikiri: hivi ndivyo itakavyokuwa. Miaka thelathini, nimekaa hivi hivi, nangoja upite.

Akapiga moyo konde.

"Sitaolewa," alisema.

"Nyamaza," Shangazi akasema papo hapo, kama mtu aliyekuwa akilingoja neno lile tangu asubuhi. "Baridi imekuingia kichwani. Nyamaza."

"Mwache," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Mwache aseme."

"Sitaolewa na wewe, Mwalimu. Hujanikosea kitu. Nilikubali kwa sababu sikuwa na sababu ya kukataa, na hiyo si sababu ya kuolewa. Kuna mtu nilimpenda. Niliambiwa ana mke. Hana. Hata kama nisingemkuta leo, nilikuwa nafumua gauni kila wiki na kujidanganya kwamba ni kipimo."

"Mungu wangu!" Mama Mkwe alishika kifua. "Watu mia tatu! Nitawaambia nini watu mia tatu?"

"Utawaambia hakuna harusi, mama," wifi alisema.

"Wewe mdomo huo nitaushona!"

"Nani aliyekuambia ana mke?" Mwalimu aliuliza.

Uzi alitazama mbele. Kando yake alihisi Shangazi akianza kutetemeka, mtetemeko mdogo kama wa cherehani iliyo chumba cha pili.

"Mimi," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, imezeeka ghafla. "Mimi ndiye niliyesema. Alikuwa anataka kurudi kwao huku juu. Angemchukua. Mimi sina mtoto, sina mume, ndugu yangu aliyeniachia huyu amekufa. Ningebaki na nani mimi? Nilisema nitamwozesha karibu, nimwone kila siku. Mitaa miwili tu." Alijifunika uso kwa ncha ya kanga. "Nilitaka mitaa miwili tu."

Hasira ya Uzi ilikuwa imejipanga tayari, maneno yote yako kwenye ncha ya ulimi. Yakagoma kutoka. Aliuweka mkono wake juu ya goti la Shangazi, ukakaa pale. Hakuwa amesamehe. Kusamehe kungekuja kwa wakati wake, au kusingekuja.

"Ungeniambia unaogopa," alisema. "Ningekusikia."

Mwalimu alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye usukani. "Kule nyuma ya gari ulitaka kuniambia haya."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakufungia mlango."

"Ndiyo."

"Nilijua," alisema. "Nilijua, ndiyo maana sikutaka kusikia."

Uzi aliivua pete. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi, ikambidi aizungushe. Aliinyoosha mbele kati ya viti viwili, na Mwalimu akaipokea bila kugeuka, akaitia mfuko wa shati, akaubonyeza mfuko kwa kiganja. Bega lake lilipanda na kushuka mara moja.

Mahali fulani juu yao, mbali ndani ya ule weupe, lori lilipiga honi.

"Hatuwezi kukaa hapa," Mwalimu alisema, na sasa ilikuwa sauti ya mtu mwenye abiria. "Lori la viazi hilo linashuka. Likitukuta kwenye kona litatusukuma korongoni. Anatakiwa mtu atangulie kwa miguu na tochi ya simu, anionyeshe ukingo. Kona tatu tu, chini kule panafunguka."

"Nashuka mimi," wifi alisema.

"Hapana," Uzi alisema. "Nipishe."

Wifi alimtazama, akafungua mlango, akateremka kumpisha. Kabla Uzi hajapita, alimvua mtandio mwembamba akamvika sweta lake mwenyewe la njano, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtoto anayekwenda shule. "Sasa nitamwita nani wifi?" aliuliza, na uso ukamkunjamana.

Baridi ilimpiga Uzi usoni. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi, hewa ya maji na majani. Aliwasha tochi. Iliangaza hatua nne za lami, basi. Alisikia kioo kikishushwa nyuma yake.

"Mwanangu!" Shangazi aliita, sauti imejaa machozi. "Korongo liko kushoto! Kaa upande wa mwamba!"

"Naona, Shangazi."

"Taratibu!"

Uzi aliinua mkono kuonyesha amesikia. Akapiga hatua ya kwanza, akatazama ukingo, akapiga ya pili. Nyuma yake gari liliwaka, likaanza kumfuata kwa gia ya kwanza, polepole kama anavyotembea yeye, na hakuna aliyempigia honi.